Kila Kitu Mshipa

Mhadhara wa jioni, Ngamiani, Tanga, umeandikwa kama ulivyotolewa.

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti kanipa dakika 40 na karatasi imeandikwa "Ubongo, ugwe wa mgongo, neva, na kazi zake." Nimeisoma. Ila wanaonijua wanajua nitaanza wapi, na naona pale nyuma wameshaanza kucheka.

Naanza na neno mshipa.

Miaka yote niliyofanya uuguzi, mtu akija anaugua nikamuuliza nini, ananijibu mshipa. Shingo imekaza, mshipa. Nyayo zinawaka moto usiku, mshipa. Kajikata panga damu inaruka, mshipa. Kano ya kisigino inauma, nayo mshipa. Na mzee anayeona haya kutaja ngiri au busha ananiinamia sikioni, "Mwanangu, mimi nina mshipa." Maradhi matano, neno moja! Halafu dawa nayo inakuwa moja, achuliwe. Mafuta ya nazi yapashwe moto, aje bibi mwenye vidole vya chuma.

Hebu shikeni viwiko vyenu. Kila mtu, hata wewe mwenyekiti. Kunja mkono. Upande wa ndani, ule unaoelekea mbavuni, kuna kifundo cha mfupa. Nyuma yake kuna kijibonde. Papasa taratibu. Kuna kitu kinateleza chini ya kidole kama uzi mnene, mmekipata? Siku ukikigonga kwenye ukingo wa meza, cheche zinashuka mpaka kidole kidogo na nusu ya jirani yake. Basi hiyo ni neva. Si bomba la damu, wala si kano. Ukoma unapenda sana kukaa hapohapo, neva ikavimba, ikanenepa, ganzi ikashuka vidoleni. Ndiyo maana mhudumu anayejua kazi yake, ukimwendea na baka lisilo na hisia, anakupapasa kiwiko. Msimwone mwehu.

Sasa mfano, na kwa watu wa Tanga siendi kuutafuta mbali. Chukua kamba ya katani, ikate, tazama ncha yake. Nyuzi nyingi, zimefungwa mafungu mafungu. Neva ndivyo ilivyo, na kila fungu lina ganda lake. Lakini uzi wa neva ni kitu hai, ni mkono wa seli moja. Uzi unaochezesha kidole gumba cha mguu, seli yake imekaa mgongoni, usawa wa mbavu za mwisho. Seli moja, urefu unakaribia mita moja!

Humo ndani hamtiririki kitu kama maji ya bombani. Inapita habari. Chumvi, sodiamu na potasiamu, zinaingia na kutoka kwenye utando wa uzi, mlango kwa mlango, na hiyo ndiyo stimu yake. Nyuzi za kasi zinapitisha habari mita 100 na zaidi kwa sekunde. Za polepole hazifiki mita mbili. Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti, kwanza unapata uchungu wa kuchoma, mkali, halafu unakuja ule mzito wa kukufanya ukae chini. Safari mbili, barabara moja, basi na mkokoteni.

Wavuvi mliopo hapa mnamjua bunju, yule samaki mwenye sumu. Sumu yake inaziba hiyo milango ya sodiamu, basi. Midomo inawashawasha, ulimi unakuwa mzito, mikono na miguu inalegea, mwisho pumzi. Na wengi akili inabaki timamu, anawasikia mnavyomlilia. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Najua kuna mtu atasema babu yake alikula bunju akafika miaka 90. Babu yako alikuwa na bahati, na bahati mimi siijui inapimwa kwa kikombe gani jikoni.

Haya, nifike kwa mkwezi wangu. Hadithi hii nimeisimulia kwenye vikoba, kwenye maulidi, hata arusini, mpaka binti yangu ananivuta kanga. Acha anivute.

Ilikuwa asubuhi, njia ya kwenda Pangani, mvua imenyesha usiku. Kijana mkwezi wa madafu alikuwa juu, kidato kimoja cha mnazi kimeloa, akateleza. Madafu mawili yakatangulia, yeye akafuata. Niko kwenye daladala, nikamwambia konda nishushe. Nikamkuta amelala chali mchangani, macho wazi, anautukana mnazi. Mtu anayetukana anapumua, nikashukuru. Nikamwambia, mwanangu, usiinuke, chezesha vidole vya miguu. Akavichezesha. Vyote kumi. Nimeviona kwa macho haya, mchanga umeganda kwenye kucha.

Nikasema asiguswe. Ng'ambo ya barabara kuna seremala, nikaenda kumwomba mlango, maana mlango ndiyo machela yetu. Sikukaa. Narudi na seremala, mlango tumeushika huku na huku, nakuta watu wenye huruma wameshafanya kazi. Nasema wenye huruma, hapakuwa na mtu mbaya pale. Mmoja kamshika kwapani, mwingine magotini, kiuno kinaning'inia katikati kama gunia la mkaa. Wakampakia bodaboda, mshikaki, dereva mbele, yeye katikati, mwingine nyuma kamkumbatia. Mguu mmoja haukupanda vizuri. Pikipiki ikaondoka, unyayo unaburuzika kwenye changarawe, unachubuka, damu naiona. Yeye hakugeuka hata kuutazama.

Huko hospitali walifanya waliloweza. Leo yuko kwenye kiti cha magurudumu, anauza vocha, tunasalimiana.

Siwezi kuapa kwamba asingenyanyuliwa vile angetembea. Ugwe, ule uzi mnene wa neva ndani ya mgongo, ukishaumia unavimba wenyewe, na uvimbe tu ungeweza kummaliza palepale alipolala. Lakini vidole kumi nilivihesabu.

Na kwa nini inakuwa hivyo? Uti wa mgongo ni pingili, utotoni 33, za chini baadaye zinaungana. Kila pingili ina pete kwa nyuma, na pete zikipangana linakuwa handaki. Humo ndani ndimo ulimo ugwe. Watu wanachanganya uti na ugwe, na wapo wanaoongeza la tatu. Nilipata mgonjwa kaandikiwa UTI kwenye cheti, kaambukizwa njia ya mkojo masikini, anarudi kwangu analia kwamba uti wake umeoza! Uti ni mfupa, ugwe ni huo uzi wa ndani. Unene wake kama kidole chako kidogo, urefu kwa mwanamume kama sentimita 45, na ulaini wake, mnaokula supu ya kichwa cha mbuzi mnaujua ubongo ulivyo. Ndiyo hivyo. Pingili ikivunjika, ukimkunja yule mtu, ukingo wa mfupa unaingia kwenye kitu laini kiasi hicho. Neva ya mkononi ikikatwa na kushonwa vizuri, nyuzi zinaweza kuota tena, kama milimita moja kwa siku. Ugwe haukupi nafasi hiyo.

Na ikivunjika shingo kwa juu ndiyo mbaya zaidi, maana neva inayovuta kiwambo cha pumzi inatokea huko shingoni, pingili ya tatu mpaka ya tano. Sasa wewe unamkalisha, unamwinua kidevu, eti umnyweshe maji.

Tena ugwe haufiki chini. Kwa mtu mzima unaishia juu ya kiuno, kuanzia hapo ni neva zinazoning'inia kama mkia wa farasi. Daktari akitaka kuchukua maji ya mgongo kumpima mtoto homa ya uti wa mgongo, sindano inaingia chini ya ulipoishia ugwe. Mama anakataa, "Mwanangu atapooza." Dada yangu, hiyo homa ukiichelewesha ndiyo inayopoozesha, inaua pia.

Kuna mama mbele hapa anatikisa kichwa, naona. Unataka kuniambia mume wako mdomo ulikwenda upande, akachuliwa shavu, akapona. Sikatai. Kuna neva ya uso inavimba, uso unalegea upande mmoja, na wengi wao wanapona wenyewe, wiki chache au miezi. Bibi anachua, neva inapona, bibi anapewa kuku. Mimi na kuku sina ugomvi. Ila siku mdomo umekwenda upande na mkono umelegea na maneno yanakokoteka, hicho ni kiharusi, ni ubongo umekosa damu au umevujiwa, na ukikaa unamsubiri bibi saa zinakwisha. Kuchua kunafaa misuli iliyochoka. Nami nachuliwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Ubongo basi, upesi. Kilo moja na robo mpaka moja na nusu, unakula kama sehemu moja kati ya tano ya oksijeni yote ya mwili. Kushoto unaendesha kulia, kulia unaendesha kushoto. Neva 12 jozi zinatoka kwenye ubongo, 31 kwenye ugwe. Ukigusa kikaango cha vitumbua mkono unarudi kabla hujajua umeungua, hapo ugwe umeamua peke yake, ubongo unaletewa taarifa baadaye. Zile neva za moyo na tumbo, zinazojiendesha bila kukuuliza, nilikuwa na mengi. Basi, mtanialika tena.

Dakika zilizobaki sizitumii kusema. Wewe kijana wa fulana nyekundu, njoo ulale chini hapa kwenye mkeka, wewe ndiye umeanguka mnazini. Usicheke, mtu aliyeanguka hacheki. Nataka wanne. Wewe shika kichwa, kiganja huku na huku, masikio usimzibe. Usikivute, kishike tu kisiende popote. Nyie watatu pigeni magoti upande mmoja, begani, kiunoni, magotini. Mnamgeuza kama gogo, kwa pamoja, na ubao unaingia chini yake. Anayehesabu ni aliyeshika kichwa, hakuna mwingine. Mzee, ondoa mkono kwapani. Ondoa. Nimesema nini nusu saa nzima?

Haya, wewe wa kichwani. Hesabu.