Kabla Hujapiga Windows Upya
Mhadhara kwa mafundi vijana na wenye kompyuta za nyumbani, Morogoro

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana wenzangu, habari za jioni.

Nimekuja na kitu mfukoni. Hiki hapa: kipande cha RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, cha giga nne, aina ya DDR3, kimetoka kwenye kompyuta ya mezani ya mtumba. Kipitisheni mkione. Kinang'aa, hakina ufa, meno yake ya dhahabu yote yapo. Kipande hiki kilifanya mashine moja ipigwe Windows, yaani ifutwe na kuwekewa Windows upya, mara tatu ndani ya miezi miwili, kwa mafundi wawili, na wa tatu nusura niwe mimi.

Mwenye mashine ni mwalimu mstaafu anayetunga mitihani ya majaribio nyumbani kwake. Alinijia akasema, "Fundi, hii kitu inanizimikia kila siku. Inatoa skrini ya bluu, inajiwasha yenyewe, maswali niliyoandika yamekwenda na maji. Nimeambiwa ni draiva." Nikamuuliza, "Draiva ipi, Mwalimu?" Akasema, "Hilo hawakuniambia. Walipiga Windows tu."

Mmecheka kwa sababu mnajijua. Hata mimi nimo. Kupiga Windows ni rahisi, fleshi iko mfukoni, baada ya saa moja mteja anaona kioo kipya kinameremeta na hela inatoka. Lakini ukipiga bila kusoma chochote umefunika kombe mwanaharamu apite. Wiki mbili mashine inakwenda, halafu ugonjwa uleule unarudi, na safari hii huna pa kuanzia, kwa sababu kumbukumbu zote za ajali zilizopita umezifuta kwa mkono wako.

Tuanze na huyu draiva anayetajwa kila siku. Wapo wanaosema kiendeshi, na ni Kiswahili kizuri, ila ukikisema dukani utaulizwa mara mbili, kwa hiyo leo nitasema draiva. Windows haijui kadi yako ya Wi-Fi inafanyaje kazi kwa ndani. Anayejua ni aliyeitengeneza. Basi yeye huandika programu ndogo ya kukaa katikati: Windows inasema "tuma hiki", draiva inajua ni wapi hasa kwenye ile kadi paguswe. Sasa, programu ya kawaida kama ya kuandikia barua ni mgeni wa sebuleni. Akifanya fujo anatolewa nje na nyumba inabaki. Draiva nyingi ziko jikoni, kwenye kiini cha mfumo, karibu na moto na visu. Ikikosea huko, Windows haina njia salama ya kuitoa, hivyo inasimamisha kila kitu kwa makusudi ili faili zako zisije zikaandikwa ovyo. Skrini ya bluu ni breki. Kwenye Windows 11 za karibuni imeanza kuwa nyeusi, lakini kazi yake haijabadilika.

Dunia nzima ilionyeshwa jambo hili tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Marekani, CrowdStrike, ilisambaza sasisho la programu yake, na programu hiyo inakaa hukohuko jikoni. Faili moja lilikuwa na kasoro. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika; ndege ziliahirishwa, hospitali na benki zikakwama. Na tiba ilikuwa nini? Kwenye mashine nyingi mafundi waliingia Safe Mode, ile hali ya kuwasha Windows na draiva chache za lazima tu, wakafungua folda ya draiva za programu ile, wakafuta faili ambalo jina lake linaanza na C-00000291, wakawasha upya. Kwisha. Kama wangefuata desturi yetu ya hapa mjini, wangekuwa bado wanapiga Windows hadi leo.

Turudi kwa Mwalimu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuizuia mashine isijiwashe yenyewe, maana ile bluu ilikuwa inapita kama radi, hata kuisoma huwahi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, ondoa tiki penye "Automatically restart". Tangu hapo ikifa inabaki na maandishi yake kiooni mpaka uizime kwa kidole. Nikamwambia Mwalimu: ikitokea, usiizime, piga picha kwa simu.

Cha pili, nikaenda C:\Windows\Minidump. Kila ajali ya bluu, Windows hujitahidi kuandika faili dogo la kueleza kilichokuwa kinaendelea dakika ile. Wataalamu huliita dampu, msidhani ni dampo la taka. Ukikuta folda tupu usikate tamaa: pengine diski imejaa, pengine kuna mtu aliweka moja ya zile programu za "kusafisha kompyuta", nazo hufagia dampu pamoja na vumbi. Halafu dampu hupitia kwanza kwenye faili la ziada la kumbukumbu, pagefile, ndipo ihamishiwe kwenye folda mashine ikiwaka tena. Aliyeizima pagefile ili "kuongeza spidi" amejizibia mwenyewe.

Tangu Windows ya mwisho ipigwe zilikuwa zimepita siku tisa, na kwenye folda mlikuwa na dampu sita. Nikazifungua kwa BlueScreenView, programu ndogo ya bure isiyohitaji usomi. Wenye hamu zaidi watumie WinDbg ya Microsoft, waandike !analyze -v, wajiandae kusoma. Nikatoa karatasi nikaandika majina ya walioshtakiwa. Ajali ya kwanza, draiva ya kadi ya picha. Ya pili, ntfs.sys, inayoshughulika na faili za diski. Ya tatu, draiva ya Wi-Fi. Ya nne, ntoskrnl.exe, yaani kiini chenyewe cha Windows. Ya tano kadi ya picha tena, ila safari hii kosa liliitwa MEMORY_MANAGEMENT. Ya sita, Wi-Fi.

Itazameni orodha hiyo vizuri. Ajali sita, washtakiwa wanne, na mmoja wao ni Windows mwenyewe. Draiva mbovu ni mwizi mwenye tabia: anarudi dirisha lilelile kwa njia ileile. Ukiona kila siku jina jingine, acha kutafuta mchawi kwenye majina. Jiulize ni kitu gani hao wote wanakitumia kwa pamoja. Wote wanaandika kwenye RAM. Draiva ya picha inaweka namba pale, inageuka, ikirudi inakuta namba imebadilika bila mtu kuigusa. Inaifuata ile namba mbovu, inadondokea shimoni, na jina linaloandikwa kwenye ripoti ni la aliyedondoka. Aliyechimba shimo hatajwi.

Nikatengeneza fleshi ya MemTest86, programu ya kupima RAM, nikaiwasha mashine kwa fleshi hiyo, Windows ikiwa imelala kabisa. Humu nasisitiza: kipimo cha dakika kumi hakitoshi. Niliacha usiku kucha. Asubuhi Mwalimu akanitumia picha, mistari myekundu imejaa kioo.

Bado hujui ni nani. Mle mlikuwa na vipande viwili vya giga nne, na nafasi mbili za kuchomekea. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe, ndipo uchomoe kipande kimoja. Pima kilichobaki. Kikiwa safi, kitoe, weka mwenzake kwenye nafasi ileile. Makosa yakitokea, kihamishie nafasi ya pili upime tena, maana huenda mbovu ni nafasi ya kwenye mazabodi, yaani bodi kuu. Kwangu makosa yalikifuata kipande kokote kilikokwenda. Niliyafuta meno yake kwa ufutio wa penseli kama tunavyofanya sote, na mara nyingine hiyo peke yake inaponya kwa sababu ni kutu tu. Huyu hakupona. Ndiye mnayempitisha hapo nyuma.

Kwa hiyo nikamwachia Mwalimu mashine yenye giga nne. Nzito kidogo, lakini hai. Siku nne kimya. Siku ya tano, saa tatu usiku, simu: "Fundi, imerudi ile bluu yako."

Nawaambieni ukweli, hapo mkono uliielekea fleshi ya Windows. Lakini Mwalimu alikuwa amepiga picha. DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na chini yake jina la faili la Wi-Fi. Keshokutwa tena, kosa lilelile, faili lilelile. Huyo sasa ndiye mwizi mwenye tabia. Alikuwemo tangu mwanzo, ila alijificha kwenye kelele za RAM. Mashine moja inaweza kuwa na magonjwa mawili, na ndiyo maana sibadilishi vitu vitatu kwa mpigo. Ningebadilisha RAM na draiva siku moja, nisingejua kilichoponya ni kipi.

Draiva ile ilitoka wapi? Fundi aliyetangulia alitumia yale mafurushi ya draiva maelfu kwenye fleshi moja, yanayokisia yenyewe. Siyapendi. Yanakisia vizuri mara tisa, ya kumi yanakuwekea draiva ya binamu wa kadi yako. Inafanya kazi, na inaua mashine mara moja kwa siku mbili.

Njia ya uhakika ni kuiuliza kadi yenyewe. Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, bofya kifaa mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama PCI\VEN_10EC&DEV_8168. VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa chake. 10EC ni Realtek, na 8168 ni chipu yao ya mtandao wa waya. 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD. Intel wao ni 8086, na wenye umri wangu wataikumbuka namba hiyo: ni jina la prosesa yao ya mwaka 1978. Hata kifaa kikiwa na alama ya njano na kimeandikwa "Unknown device", mara nyingi namba hizi zinakuwepo. Ukishazipata, anza na tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa modeli yako kamili. Ukikosa, ya aliyetengeneza chipu. Tovuti inayokuambia "kompyuta yako ina draiva 37 zilizopitwa na wakati", funga.

Na kama Wi-Fi ndiyo iliyokufa, hiyo draiva utaipakuaje? Chukua simu yenye bando, iunganishe kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti kwa USB. Simu nyingi za Android Windows inazitambua bila kuwekewa chochote.

Ukiiondoa draiva ya zamani, weka tiki kwenye kisanduku cha kufuta na programu yake. Usipoweka, Windows inaitoa mlango wa mbele na kuirudisha mlango wa nyuma. Na kama shida ilianza baada ya sasisho, huhitaji hata kupakua: kulekule Device Manager, kwenye ukurasa wa Driver wa kifaa, kuna kitufe cha Roll Back Driver, kinarudisha iliyokuwepo kabla. Kikiwa kimefifia, hakuna ya kurudia.

Jambo moja linalowachanganya wengi: "Nimezima nikawasha, bado." Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa Fast Startup. Ukibonyeza Shut down, kiini cha mfumo pamoja na draiva zake hakizimwi kikweli, kinahifadhiwa kwenye diski na kuamshwa kilivyokuwa. Anayeanza upya ni Restart. Kwa hiyo ukibadili draiva, bonyeza Restart. Ndiyo, Restart inasafisha kuliko Shut down, hata mimi nilibisha siku ya kwanza.

Nimeona mkono. Karibu dada.

[Msikilizaji alieleza kuwa laptop yake haitoi bluu yoyote. Inazimika tu kama imekatwa umeme, hasa mchana, akiwa anahariri video.]

Asante. Hiyo ni kesi nyingine kabisa. Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, kwenye System utafute tukio namba 41, Kernel-Power. Hilo peke yake linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Usiishie hapo, ingia Details, soma BugcheckCode. Ikiwa na namba, kulikuwa na bluu ambayo hukuiona. Zimeandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida, si ile ya kikompyuta inayoanza na 0x, kwa hiyo 209 ndiyo 0xD1, namba ya lile kosa la Wi-Fi ya Mwalimu, na 26 ni 0x1A, MEMORY_MANAGEMENT. Ikiwa sifuri, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika. Hapo draiva ninamweka mwisho wa foleni. Mbele yake wapo joto, betri, chaji na bodi yenyewe.

Unaitumia mezani au kitandani? Kitandani. Basi matundu ya chini yanazibwa na godoro, na feni inavuta nyuzi za shuka. Prosesa ikifika kwenye nyuzi joto mia hivi inajikata ili isiungue. Unapohariri, feni huwa unaisikia? Inapiga kelele, halafu hewa inayotoka pembeni ni kidogo. Umekuja nayo? Iweke hapa mezani. Vijana, nani ana bisibisi ndogo ya nyota, na brashi ya rangi ambayo haijatumika?