Namna ya Kutengeneza Chekeche la Ngoma la Kupangia Korosho Ghafi kwa Ukubwa

Assalaam alaykum, ndugu watazamaji, na karibuni tena karakanani kwetu hapa Mikindani, Mtwara. Leo tunatengeneza chekeche la ngoma, yaani bomba pana la chuma lenye matundu, linalozungushwa kwa mkono, ambalo kazi yake ni kuzipanga korosho ghafi kwa ukubwa kabla hazijachemshwa na kubanguliwa. Katika vyombo vyote tunavyoviunda hapa, hiki ndicho ninachokipenda zaidi, kwa sababu hakihitaji umeme wala mafuta, na kikundi cha akina mama wa Newala au Nachingwea kinaweza kukitumia msimu mzima bila kumwita fundi.

Niseme kwanza kwa nini tunazipanga. Mashine ya kubangulia ya kanyagio ina visu viwili vinavyokutana, cha juu na cha chini, na kila kimoja kimepindwa kufuata umbo la korosho ili ganda lifunguke kwenye mshono wake bila kiini kuguswa. Nafasi iliyopo kati ya visu hivyo hufungwa kwa bolti, kwa hiyo kwa wakati mmoja inafaa ukubwa mmoja tu. Mbanguaji akiletewa korosho zilizochanganyika, zile kubwa hukatwa hadi kwenye kiini, na zile ndogo hutoka ganda likiwa halijafunguka. Viini vizima huuzwa kwa madaraja kama W240 na W320, na namba hiyo 320 maana yake ni kwamba ratili moja, yaani gramu 454 hivi, haina viini zaidi ya 320. Kiini kikipasuka huingia katika daraja la vipande, na bei yake hushuka papo hapo, hata kama utamu wake ni uleule.

Vifaa mnaviona mezani. Tuna shiti moja jeusi la unene wa milimita 1.5 lenye upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44, flati, yaani chuma bapa, ya milimita 25 kwa 3, engo, yaani chuma cha pembe, ya kutengenezea kiunzi, shafti ya milimita 25 na beringi mbili za P205 zinazoikubali shafti hiyo, pamoja na nyumba zake. Msinunue shiti la mabati lenye zinki kwa kazi hii, kwa kuwa zinki ikichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa na kubanwa kifua. Kulikata shiti sitawaonyesha, kila mwenye grenda analijua hilo; tunapata vipande vitatu vya sentimita 60 kila kimoja, na kinachobaki tutakitumia kwa faneli ya kuingizia korosho na kwa vigawio vya chini ya ngoma.

Sasa tulieni hapa, kwa sababu mafundi wengi hutengeneza ngoma ya nondo zilizopangwa kwa urefu, wakaacha nafasi kati ya nondo na nondo, kisha wakashangaa mbona mbanguaji bado analalamika. Nafasi ndefu iliyo kati ya nondo mbili hupima unene wa korosho, kwa maana korosho hulala ubavu na kupenya. Tundu la duara hupima upana wake, yaani kutoka mgongoni hadi tumboni pale ilipobonyea, kwa kuwa haiwezi kupenya mpaka isimame kwa ncha. Visu vya mashine ya kubangulia hukutana kwa kupitia upana huohuo. Basi chekeche linalopima unene linamjibu mbanguaji swali ambalo hakuliuliza. Ninatumia matundu ya duara, na sitabadilisha msimamo huo ingawa kazi ya kuyatoboa ni kubwa.

Shiti la kwanza litakuwa na matundu ya milimita 20, la pili milimita 22 na la tatu milimita 24. Tunayatoboa kwa panchi na dai zilizofungwa kwenye fremu ya jeki. Panchi ndiyo kipande cha juu kinachoshuka, na dai ni kipande cha chini chenye tundu la kuipokea. Kwa shiti la unene huu nguvu inayohitajika ni karibu tani 4 kwa tundu la milimita 24, kwa hiyo jeki ya lori ya tani 10 inatosha na kubaki. Panchi tumezichonga kwenye mashine ya kerezo kutoka ekseli kuukuu ya lori, tukazipasha moto hadi zikawa nyekundu ya machungwa, tukazizamisha kwenye oili, kisha tukazirudishia joto kidogo mpaka chuma kikawa na rangi ya majani makavu, kwani bila hatua hiyo ya mwisho ncha hukatika. Tundu la dai liwe pana kuliko panchi kwa milimita 0.2 tu. Kumbukeni pia kwamba tundu linalobaki kwenye shiti hufuata kipimo cha panchi, wala si cha dai, kwa hiyo kalipa yenu ya kupimia iwekeni kwenye panchi.

Umbali kutoka kitovu cha tundu hadi kitovu cha tundu jirani ni milimita 32, na mistari ipishane ili kila tundu liangukie katikati ya mawili ya mstari uliotangulia. Acheni ukingo wa sentimita 3 pande zote kwa ajili ya weldi. Kila shiti litapata karibu matundu 700, na kwa kuwa ni kazi ya kurudiarudia, video nimeikata hapa.

Tunarudi. Ninawaomba mtazame kwa makini, na kamera isogezwe karibu zaidi. Upande ambao panchi iliingilia, ukingo wa tundu umelala na ni laini. Pitisheni kidole taratibu mtahisi. Upande ambao panchi ilitokea una makali yaliyochomoza. Upande laini ndio utakaokuwa ndani ya ngoma, na upande wa makali utakuwa nje. Chukueni chaki sasa hivi, kabla shiti halijaondoka kwenye fremu, mwandike neno NDANI kwa herufi kubwa upande laini. Makali yakiwa ndani hupunguza upana wa tundu, hunasa korosho kwenye ukingo na kuchubua maganda, na ganda lililochubuka ndilo hutoa yale mafuta meusi yanayounguza mikono.

Kukunja shiti kwenye mashine ya roli ni kazi ya dakika chache. Hata hivyo, kabla hamjaliingiza kwenye roli, someni tena chaki: neno NDANI litazame juu, kwa sababu roli yetu inakunja kuelekea juu. Shiti la pili, someni tena. Shiti la tatu, someni tena, msiseme kwamba mmekwisha kuzoea. Shiti likishakunjwa na kuchomelewa kwa upande usiofaa halirudi. Kulinyoosha huyavuta matundu yakawa mviringo wa yai, na kipimo kimepotea. Mzingo wetu ni mita 1.22, kwa hiyo kipenyo cha ngoma ni sentimita 38.8.

Tunaunganisha sasa. Flati tumeikunja tukapata pete nne, mbili za mwisho na mbili za kwenye maungio. Gusisheni weldi kwa nukta ndogondogo, moja huku na nyingine ng'ambo yake, mkizunguka hivyo hadi pete ishikike yote, kwa maana mkichomelea mstari mrefu upande mmoja joto litaivuta ngoma na itayumba inapozunguka. Na hapa pana onyo jingine, la mpangilio: milimita 20 iwe mwanzoni panapoingia korosho, 22 ifuate, 24 iwe ya mwisho. Matundu makubwa yakitangulia, korosho zote zisizozidi milimita 24 zitaanguka humo humo zikiwa zimechanganyika, na mashiti mawili yanayofuata hayatakuwa na kazi. Kwa mpangilio sahihi tunapata madaraja manne, kwa kuwa zile zinazozidi milimita 24 zitapita zote na kutokea mdomoni mwa ngoma.

Shafti imepita katikati na kushikwa na mikono mitatu ya flati kila mwisho. Kiunzi cha engo mnakiona, hakina siri. Jambo moja tu ndilo la kushikilia: miguu ya upande wa kuingizia iwe mirefu kuliko ya upande wa kutokea kwa sentimita 9, na nyumba za beringi zifungwe kwa bolti kwenye matundu marefu ili tuweze kuzipandisha na kuzishusha. Chini ya ngoma, sawasawa na kila pete ya katikati, tunasimamisha kigawio cha bati ili korosho za daraja moja zisirukie sinia la daraja jingine.

Kuhusu mwendo, watu wengi hudhani kwamba ukizungusha kwa kasi utamaliza mapema. Ipo kasi ambayo korosho hugandamana na ukuta wa ngoma na kuzunguka nayo bila kuanguka. Kuipata, gawanyeni 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo kilichopimwa kwa mita. Kwetu kipeuo cha pili cha 0.388 ni 0.623, na jibu ni mizunguko 68 kwa dakika. Chekeche hufanya kazi vizuri likiwa kwenye asilimia 30 hadi 40 ya kasi hiyo, yaani mizunguko 20 hadi 27 kwa dakika, na huo ndio mwendo wa mkono wa mtu asiye na haraka. Ndiyo maana mpini tumeufunga moja kwa moja kwenye shafti, bila gia wala mkanda.

Tujaribu. Dada yangu wa kikundi cha wabanguaji ametuletea gunia la korosho zilizokaushwa vizuri. Korosho mbichi yenye unyevu huteleza vibaya na kunata. Dada, tafadhali funga ncha za khanga yako nyuma kabla hujashika mpini, na mikono ikae mbali na mikono ya flati. Haya, zungusha taratibu.

Simamisha, dada yangu, simamisha kidogo. Watazamaji, tazameni sinia la mwisho. Nimechukua kipande cha shiti chenye tundu la milimita 22 kuwa kipimo changu, na hizi hapa, moja, mbili, tatu, zote zinapita wakati zimetoka pamoja na zile kubwa kabisa. Ngoma haina kosa la matundu. Korosho zinateremka haraka mno, hazipati nafasi ya kusimama kwa ncha juu ya tundu. Tunalegeza bolti za upande wa juu na kushusha kutoka sentimita 9 hadi 6. Tena tunapunguza mlango wa faneli, ili korosho zitandazike kwa tabaka jembamba, maana iliyo juu ya wenzake haigusi shiti hata kidogo. Zungusha sasa. Nimepima tena, na sinia la mwisho lina korosho kubwa peke yake.

Lakini sogezeni kamera huku juu. Mnaona matundu yaliyozibwa? Hizo ni korosho zenye upana karibu sawa na tundu, zimeingia nusu na kukwama, na zinapandishwa na ngoma hadi juu. Tukiziacha, baada ya muda ngoma itakuwa bomba lisilo na tundu. Dawa yake ni brashi ndefu inayofungwa nje, juu kabisa ya ngoma, ili kila iliyokwama isukumwe irudi ndani. Brashi za plastiki zipo madukani, ila mimi ninapendelea chelewa za mnazi zilizofungwa kati ya mbao mbili, kwa kuwa zina ugumu unaotosha kusukuma bila kuchubua ganda, zinapatikana kila kijiji cha pwani hii, na zikichakaa mama wa kikundi anafunga nyingine mwenyewe. Ncha za chelewa ziingie ndani ya tundu kiasi cha milimita 5. Mnakumbuka makali tuliyoyaweka nje? Yapunguzeni sasa kwa msasa mahali brashi inapopita, la sivyo yatazikata chelewa.

Hewa ya bahari ya hapa Mtwara haina huruma kwa chuma, kwa hiyo pakeni rangi kiunzi, pete na mikono yote. Mashiti yenye matundu msiyapake, kwa sababu rangi hupunguza kipimo na baadaye hubanduka na kuingia kwenye korosho. Yafuteni kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi kila msimu unapokwisha, na mtie grisi kwenye beringi.

Kila daraja liwekeni kwenye gunia lake lenye alama, mlichemshe peke yake, kwani korosho kubwa huhitaji muda mrefu zaidi kwenye mvuke kuliko ndogo, kisha mfunge visu vya mashine ya kubangulia kwa kipimo cha daraja hilo kabla ya kugusa gunia linalofuata. Kwa fundi anayetaka kujitengenezea, ninauza panchi na dai za vipimo hivi vitatu zikiwa zimekwisha kupitishwa kwenye moto. Na kwa kikundi kinachotaka ngoma iliyokamilika, ninaomba mje na kilo mbili au tatu za korosho za shambani kwenu, tuzipime upana hapa karakanani kwanza, ili matundu tutakayoyatoboa yalingane na korosho mnazovuna.