Soketi za gari la kulala porini

Mafundi wenzangu, fundi wa majumbani akifunga soketi kwenye gari la kupigia kambi huogopa volti 230, ila volti 12 huidharau kwa kuwa hazimrushi mtu. Lakini waya huunguzwa na ampia. Friji ya wati 60 nyumbani hula robo ya ampia. Kwenye betri ya volti 12 ni ampia 5. Inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230) ya wati 1,000 huvuta zaidi ya 80.

Sasa waya. Tuseme soketi ya nyuma iko mita 5 kutoka kwenye betri, yaani mita 10 kwenda na kurudi. Waya wa milimita mraba 2.5 ukibeba ampia 10 hupoteza volti 0.7 njiani. Friji hudhani betri imekwisha, hujizima, na lawama huangukia betri. Weka wa 6, upotevu hushuka chini ya 0.3. Tena uwe wa nyuzi nyingi: wa jiti moja, kwa mtikisiko wa barabara kama ya Ngorongoro kwenda Naabi, hukatikia pale kwenye skrubu huku ganda likiwa zima.

Fyuzi ikae karibu na betri, sentimita 20 hivi. Ukiiweka kwenye soketi, waya ukichubuka kwenye bodi la gari hakuna cha kuuzima. Matundu ya bodi yavae raba.

Soketi ya kiberiti cha sigara inatosha simu. Friji usiipe: plagi hushikwa na springi tu, hulegea, hupata moto, plastiki huyeyuka. Friji funga kiunganishi cha Anderson (plagi nene ya umeme wa betri) cha ampia 50.

Kosa baya ni kupitisha volti 12 kwenye soketi ya nyumbani ya pini tatu, eti ndiyo iliyopo dukani. Kuna siku kifaa cha volti 12 kitachomekwa kwenye 230. Halafu swichi yake ni ya AC, umeme wa majumbani, ambayo hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche huzimika. DC, umeme wa betri, haipiti sifuri. Cheche inang'ang'ania, inakula shaba.

Soketi za inverta zipitie kikata umeme cha miliampia 30, kile kinachozima umeme ukivuja. Inverta nyingi ndogo hazijaunganisha nyutro na ethi, kwa hiyo umeme ukivuja kwenye bodi kikata hakishtuki. Soma kitabu cha inverta kabla ya kuunganisha nyutro na ethi, maana inverta nyingine huungua papo hapo. Na msidanganywe na kitufe cha kujaribia kilichopo kwenye kikata: kinajijaribu chenyewe kwa ndani, hata ethi isipokuwepo. Tumieni kipimo kinachovujisha umeme kwenda ethi, palepale kwenye soketi.