Sufuria za Kikundi Zilifika Kabla ya Wajomba

OUMA: Karibuni tena. Tuko Kisumu, dirisha liko wazi kwa sababu ya joto, kwa hivyo pikipiki za Kondele nazo ziko kwenye kipindi leo. Shemeji, Ijumaa nilikutafuta turekodi, simu ikawa inaita tu.

NEKESA: Nilikuwa nyumbani, upande wa Kakamega. Matangani. Baba mdogo alituacha.

OUMA: Poleni sana, shemeji.

NEKESA: Tumeshapoa. Tulimzika Jumamosi. Na wasikilizaji wapya wasishangae na hii shemeji-shemeji, dada yangu ameolewa kwao, kwa hivyo huyu ananiheshimu kwa lazima.

OUMA: Na bado mahari hayajaisha.

NEKESA: Hiyo tutaongea nje ya kipindi. Sasa sikia. Habari ya msiba tuliipata usiku. Alfajiri, wajomba bado wako stendi Nairobi wanatafuta gari, kanta, lile lori dogo, imeingia uani. Ndani kuna viti vya plastiki mia moja, hema mbili, na sufuria sita, zile ambazo mtoto anaweza kuogea ndani. Na juu ya viti wamekaa akina mama wanne, leso kiunoni, mmoja ameshika mwiko kama mkuki.

OUMA: Kikundi cha mamako.

NEKESA: Kikundi cha mama. Hawakuuliza kitu. Mmoja akaenda moja kwa moja nyuma ya jikoni, akatazama kuni, akasema hizi ni mbichi, tuleteeni zingine. Wafiwa tunalia mbele ya nyumba, nyuma moto umeshawaka na chai ya kwanza imetoka saa moja unusu. Nikakaa nikafikiri, hii ndiyo mada yetu ya wiki hii. Kwa sababu watu wa mjini ukiwaambia kikundi cha akina mama wanawaza merigoraundi, ile ya kuchanga na kupokezana pesa kwa zamu, na picha ya hundi kubwa ya kadibodi.

OUMA: Na fulana.

NEKESA: Na fulana zenye jina la mheshimiwa mgongoni! Mimi nataka tuongee viti. Ukigeuza kile kiti, mgongoni kuna herufi tatu zimepakwa rangi nyekundu, na chini yake namba. Kiti namba moja hadi mia. Hiyo namba nitairudia mwishoni.

OUMA: Walivipata vipi? Maana viti mia si mchezo.

NEKESA: Walianza mwaka 1998, na wakati huo ilikuwa vikombe. Wanawake ishirini na wanne, kila mmoja anatoa shilingi hamsini kwa wiki. Piga hesabu.

OUMA: Elfu moja na mia mbili.

NEKESA: Na hawakumpa mtu pesa mkononi. Pesa mkononi ilikuwa inayeyuka: karo, dawa, mzee ana safari. Kwa hivyo walinunua vyombo. Wiki hii ni zamu yako, wanakuja kwako wakiimba, beseni kichwani, ndani kuna vikombe kumi na viwili, sahani kumi na mbili na chupa ya chai yenye maua. Mama hadi leo ana sahani mbili za zamu yake. Hazitumiki, zinatazamwa.

OUMA: Hiyo ni kama wale wa mabati kule Kenya ya Kati. Miaka ya 1960 na 1970, akina mama walichanga kuezekeana nyumba, nyasi zinatoka, bati linaingia. Nyumba ya huyu, halafu nyumba ya yule, mpaka wote wamalize. Watu wakawa wanaviita tu vikundi vya mabati.

NEKESA: Akili ni ile ile. Lakini vikombe vikafika kila nyumba, wakabaki wanaulizana, sasa tunazungusha nini? Na hapa ndipo habari inakuwa nzito kidogo. Miaka ile, unakumbuka, mwisho wa miaka ya tisini, mwanzo wa elfu mbili...

OUMA: Ukimwi.

NEKESA: Tulikuwa tunazika kila wiki. Kuna Jumamosi moja kijijini kwetu kulikuwa na makaburi matatu, padri anatoka hili anakimbilia lile.

OUMA: Huku Nyanza ilikuwa hivyo, na zaidi. Dawa za bure katika hospitali za serikali zilikuja 2006. Kabla ya hapo ukisikia kipaza sauti usiku hujiulizi ni nini, unajiuliza ni nani.

NEKESA: Na kila mazishi familia inakodi viti kwa tajiri mmoja pale sokoni. Mjane bado hajakauka machozi, anaambiwa lete pesa kwanza. Mama anasema katika mkutano mmoja mwanamke mmoja, ambaye alikuwa amezika watoto wawili mwaka mmoja, alisimama akasema: mimi nimemnunulia yule bwana viti vyake mara mbili. Basi. Hakuna aliyewaletea semina. Ile pesa ya vikombe ikageuka kuwa ya viti. Walianza na kumi na tano.

OUMA: Aisee.

NEKESA: Sufuria zikafuata, hema zikaja baadaye sana. Na masharti ni makali. Mwanachama akifiwa na mtu wa nyumba yake, kila kitu bure, pamoja na mikono ya kupika. Asiye mwanachama, kiti ni shilingi kumi kwa siku, sufuria mia moja, ikirudi na ukoko chini unalipa ya kusugua. Hata chifu analipa. Na disko matanga, ile ngoma ya usiku kabla ya mazishi, hawapeleki kiti hata kimoja.

OUMA: Sababu?

NEKESA: Vijana wanavitumia kupigana.

OUMA: (anacheka) Sasa nikuchokoze. Huo mradi unausifu kwa sababu ni wa mamako. Kuna vikundi vina kuku, mbuzi wa maziwa, sabuni, vyote hivyo si kitu?

NEKESA: Nani amekwambia mama hawakuwa na kuku? Walikuwa nao mia mbili! Walikuja watu na gari jeupe, siwataji, wakasema kikundi kizuri kama hiki hakiwezi kukosa mradi. Kama kwamba viti si mradi. Wakaleta vifaranga, mashine ya maji na bango lililokuwa kubwa kuliko banda. Banda likajengwa kwa mwenyekiti kwa sababu ana kiwanja. Mwezi wa kwanza kila mtu anakuja zamu yake kulisha. Mwezi wa tatu, zamu yako umeenda sokoni, zamu yangu mtoto ni mgonjwa, na mwenyekiti anaona kama amegeuzwa kijakazi wa kuku. Wengine nao wanamhesabia mayai kutoka barabarani.

OUMA: Halafu kideri, ule ugonjwa wa kuku.

NEKESA: Kideri kikaingia, siku nne, banda kimya. Chanjo ilikuwa ya kupewa mapema, tone la jicho, bei ndogo tu, lakini kila mmoja alidhani mwenzake ameshanunua. Mama ana neno lake, anasema kuku wa watu ishirini hana wa kumpa maji. Bango bado lipo. Limezibia choo cha shule ya chekechea.

OUMA: Hapo nakubali. Ila si kila kitu kinacholetwa na gari jeupe kinakufa, shemeji. Chemchemi je?

NEKESA: Chemchemi ni kisa kingine, na nimefurahi umeitaja. Kwetu chemchemi iko kwenye shamba la mtu, lakini maji yake hayana mwenyewe. Mila haikubali umzuie jirani kuchota, wala umuuzie. Sasa uzuri huo una shida yake: kwa kuwa ni ya wote, ng'ombe anakunywa hapo hapo, mtoto anazamisha jagi lenye tope, mvua inashusha uchafu wote wa mlimani.

OUMA: Na kuijengea si kazi kubwa sana.

NEKESA: Si kubwa, ni ya mikono. Unachimba mpaka upate jicho lenyewe, pale maji yanapotokea ardhini. Unajaza mawe na kokoto, unafunika na udongo wa mfinyanzi, mbele unajenga ukuta wa simiti wenye bomba. Juu yake unachimba mtaro wa kukatiza maji ya mvua, halafu unazungushia ua. Mtu anaweka mtungi chini ya bomba, hagusi maji tena. Simiti na bomba zililetwa na mradi. Mawe waliyabeba akina mama, mchanga wao, ugali wa fundi wao.

OUMA: Kuna utafiti ulifanywa Busia juu ya chemchemi kama hizo, ukachapishwa 2011. Vijidudu vya kinyesi kwenye maji ya chemchemi zilizojengewa vilipungua kwa theluthi mbili hivi, na kuhara kwa watoto kukashuka kwa karibu robo.

NEKESA: Unaona? Lakini sikia kilichoifanya idumu. Mtaro ule unajaa udongo kila msimu wa mvua. Usipozibuliwa, maji machafu yanarudi kwa jicho, na ukuta wako wa simiti unabaki pambo. Kwa kina mama mtaro unazibuliwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kwa sababu kila mmoja wao anachota hapo kila asubuhi. Hakuna zamu ya kusahau. Ukilala, unakunywa.

OUMA: Sasa pesa. Nani anawashikia pesa? Maana hapo ndipo vikundi vinapokufa, tusidanganyane.

NEKESA: Sanduku la bati, kufuli tatu. Funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti na hakuna hata mmoja kati yao mwenye kukaa na sanduku.

OUMA: Ule mtindo wa kuweka akiba na kukopeshana kwa sanduku una historia. Ulianzia Niger mwaka 1991, na wanawake wa vijijini, shirika la CARE likausambaza. Umeenea nchi nyingi za Afrika bila kungoja benki.

NEKESA: Nilikaa kwenye mkutano wao Jumapili, kwa heshima ya kwenda kuwashukuru. Wanakaa duara chini ya mwembe. Sanduku linafunguliwa mbele ya macho yote. Kwanza faini: umechelewa, shilingi ishirini, simu imelia, hamsini. Yangu ililia.

OUMA: Ukalipa?

NEKESA: Na mimi ni mgeni na mfiwa! Mama mwenyewe ndiye alinyoosha mkono. Halafu akiba, kila mmoja anaitwa kwa namba, anaweka mezani, zinahesabiwa kwa sauti na watu wawili. Halafu mikopo. Ukikopa elfu tano unarudisha elfu tano mia tano kwa mwezi, na ile mia tano ni yao wote, wanagawana Desemba pamoja na akiba zao.

OUMA: Asilimia kumi kwa mwezi ni nyingi, shemeji. Ukiipiga kwa mwaka benki yenyewe itaona haya.

NEKESA: Nyingi, ndiyo, na nilisema. Nikajibiwa, hiyo ya benki ikienda inarudi kwa nani? Sikuwa na jibu la haraka. Bado sina, lakini kwa mkopo wa mwaka mzima nisingewashauri. Wanakopa ya kununua ndizi leo wauze kesho.

OUMA: Na M-Pesa?

NEKESA: Vijana wao waliwashauri. Pesa ya simu ipo tangu 2007, watu wameizoea. Wakajaribu miezi miwili, wakarudi kwenye noti. Mzee mmoja wao alisema pesa ya simu anaiona mweka hazina peke yake. Ya mezani tunaiona wote.

OUMA: Hapo kwa kuonana, nikupeleke Ziwa Victoria kidogo. Ufuko wa Nduru, kule Nyakach. Unajua habari ya jaboya: mwanamke anataka samaki wa kuuza, mvuvi anataka mwili wake kabla ya bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake wa pale wakapata mashua zao. Mashua ya mama, wanaume wameajiriwa kuvua. Ghafla mazungumzo ufukweni yakabadilika lugha.

NEKESA: Huo ni mradi wenye meno.

OUMA: Ulikuwa nao, na mashua zinaoza, mbao hazingoji, kuzitengeneza ni pesa kila mwaka. Halafu 2020 ziwa likafura likaingia mpaka vitandani, kijiji kikahama. Kwa hiyo ukiniambia mradi unadumu kwa sababu wenyewe wanauhitaji, nakukumbusha kwamba wale waliuhitaji kuliko mtu yeyote.

NEKESA: Hilo ni kweli, na linaniuma. Kiti cha plastiki kinaelea, mashua haina bima.

OUMA: Kabla hatujamaliza, walioandika kuuliza usajili: sheria mpya ya vikundi vya jamii ni ya 2022, mnahitaji watu kumi kwenda juu, katiba yenu na majina ya viongozi, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii. Bila cheti msisumbuke kwenda kwa Hazina ya Wanawake, ile ya mikopo ya serikali. Haya, shemeji, uliniahidi namba za viti.

NEKESA: Jumapili asubuhi. Wageni wameenda, uwanja umejaa majani ya ndizi, na mama na katibu wanahesabu. Katibu anasoma namba, mama anaweka alama kwenye daftari. Tisini na nane. Namba arobaini na moja haipo, na themanini na saba haipo. Hakuna mtu kuondoka. Kanta inangoja, dereva ananung'unika.

OUMA: Vikapatikana?

NEKESA: Mjukuu mmoja alitumwa na baiskeli. Vilikuwa kwenye steji ya boda. Vijana wamevikalia tangu Jumamosi jioni, wanangoja abiria. Na mmoja wao ni mtoto wa kaka yangu.

OUMA: Basi ikaishia hapo, mambo ya nyumbani.

NEKESA: Wapi! Viti viwili, siku mbili, shilingi arobaini. Mama alimpa risiti.