Nani Atamchangia Mama?

Asanteni, asanteni. Mwenyekiti amenipa dakika arobaini na ameniomba, kwa adabu zake zote, nisizimalize kwenye hadithi moja. Nitajitahidi. Wanaonijua naona wameshaanza kucheka.

Kwanza tumalizane na jambo moja ili lisitusumbue mbele. Kila nikizungumza habari za uzazi kupungua, hapakosi mzee mmoja kule nyuma wa kuinua mkono na kusema huu ni mpango wa wazungu wa kutumaliza. Baba yangu, sikiliza hesabu. Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kitaifa wa uzazi mwaka 1967, ya kwanza kufanya hivyo kusini mwa Sahara. Zikaja kliniki, vikaja vidonge, zikaja hotuba. Miaka kumi baadaye, tulipopimwa, mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa kwa wastani watoto 8.1. Nane! Kliniki zipo, vidonge vipo, na mama zetu wanazidi kuzaa. Kama huo ulikuwa mpango wa kutumaliza, walipewa kuusimamia watu wasiojua kazi.

Kisha ikaanza kushuka. Utafiti wa 1989 ulikuta 6.7, wa 1998 ukakuta 4.7. Hakuna aliyechapwa, hakuna aliyefungwa. Mashamba yalikatwakatwa: nenda Vihiga, nenda Kisii, uone alichorithi babu na anachorithi mjukuu. Mwishoni mwa miaka ya themanini serikali ikawaambia wazazi wachangie gharama za shule na za hospitali, na mwenye watoto wanane akakaa chini na kalamu. Wasichana nao wakasoma. Mpaka leo, mwanamke ambaye hakuingia darasani huzaa zaidi ya watoto sita kwa wastani, na aliyevuka sekondari hafikishi watatu. Wanawake walikwenda kliniki kwa miguu yao wenyewe, wengine bila mume kujua. Mnadhani sindano ya miezi mitatu ilipendwa kwa nini? Sindano haiachi pakiti chini ya godoro.

Tulikwama kidogo mwaka 2003, tukarudi 4.9, halafu safari ikaendelea: 3.9 mwaka 2014, 3.4 mwaka 2022. Kutoka nane hadi tatu na kitu, ndani ya umri wa mtu mmoja. Wako wanawake humu ndani waliozaliwa nyumba za watoto tisa na wenyewe wana wawili. Msiinue mikono, nawaona.

Hapo ndipo wataalamu wenzangu hupiga makofi wakaenda kunywa chai. Mimi ndipo ninapoanzia.

Kuna familia moja Kaloleni. Simtaji mtu, na walionisikia nikiisimulia wanivumilie. Mama amepata kiharusi, upande mmoja haufanyi kazi. Alizaa, wakakua watoto saba. Wana kikundi cha WhatsApp, kinaitwa Tumtunze Mama. Kuna dawa za presha, kuna pampas za watu wazima, kuna nauli za kliniki. Mhazini ni kifungua mimba, mwalimu wa msingi. Kila mwisho wa mwezi huandika orodha kwenye kikundi: jina, tiki ya kijani, jina, tiki ya kijani, jina, pengo.

Wa pili ni dereva wa trela, hutoa akiwa Mariakani au akiwa Malaba, lakini hutoa. Wa tatu yuko Doha. Hutuma mapema kuliko wote bila neno, na malipo yake ni kuulizwa kwa nini haongezi. Wa nne hutuma sauti ya dakika nne kueleza hali ya biashara. Dakika nne! Ukiisikiliza mpaka mwisho unajiona wewe ndiye unayemdai vibaya. Wa tano alijitoa kwenye kikundi saa tano ya usiku baada ya kuambiwa ukweli. Wa saba, kitinda mimba, huweka ile mikono miwili ya dua. Kila mwezi, dua.

Wa sita nimemruka makusudi. Wa sita hana kazi ya mshahara. Analala chumba kimoja na mama, anamgeuza usiku asipate vidonda, anamwogesha, anamlisha uji kwa kijiko. Kwenye orodha ya mhazini jina lake lina pengo, kwa sababu hatoi pesa. Wala hakuna aliyeniuliza kama huyo wa sita ni wa kiume au wa kike. Hamkuuliza kwa sababu mnajua.

Sasa tazameni. Watatu wanatoa pesa, mmoja anatoa mgongo wake, watatu wanatoa maneno. Na mama anakula. Anaoga, anameza dawa, ana shuka safi. Mpango huo una matusi, una ndugu wasiosalimiana, lakini unasimama, na unasimama kwa sababu ni saba. Katika saba, watatu wanaweza kuwa hasara na mama asilale njaa.

Mhazini ana watoto wawili. Nilimuuliza: mwalimu, kikundi chako wewe kitakuwa na watu wangapi? Akacheka, akasema, "Na mmoja anataka kwenda Kanada."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, ningeweza kukaa. Watoto walikuwa ndio pensheni ya nchi hii. Tumeipunguza zaidi ya nusu, kwa sababu nzuri kabisa ambazo mimi mwenyewe nimezihubiri maisha yangu yote, na mahali pake hatukuweka kitu cha kutosha. Miaka hamsini na zaidi ya sera, semina, warsha na kofia za bure, na swali la nani atamgeuza mzee kitandani halijapata hata kamati.

Najua mchumi atakayenijibu. Atasema: wawili waliosoma watachuma kuliko saba wasiosoma. Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini watachuma wapi? Zaidi ya wafanyakazi wanane katika kila kumi nchini wako jua kali, kwenye kazi zisizo rasmi, hawana hati ya mshahara. Na hao wachache wenye ajira rasmi, mnakumbuka walikuwa wakikatwa kiasi gani cha NSSF, ule mfuko wa akiba ya uzeeni? Shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri 200, mwaka hadi mwaka, mpaka 2023 viwango vilipobadilika. Kuna mtu amestaafu na pesa hiyo akanunua mbuzi watatu, wakaisha. Halafu hata akichuma huyo mtoto mmoja, pesa itanunua pampas. Kumgeuza mama saa nane za usiku kunataka mtu, na huyo mtu atalipwa na nani? Au ndiyo tunamtegemea tena binti, yule yule tuliyemwambia asome ili asibaki nyumbani?

Mwingine atasema: Mwafrika hamtupi mzee wake. Haya. Niko Mombasa, Kilifi ni hapo tu ukivuka Mtwapa. Mnajua wazee wangapi kule wamesingiziwa uchawi wakakatwa mapanga, na mara ngapi ukichimba unakuta shamba na wanaotaka kulirithi? Tusijisifu mno. Heshima ya mzee ilikuwa kubwa alipokuwa na ardhi ya kugawa na watoto wengi wa kumzunguka. Vyote viwili vinapungua.

Na yuko wa kuniambia nina haraka, Kenya ni nchi ya vijana. Ni kweli, na hata idadi yetu itazidi kukua miaka mingi ijayo, kwa sababu mama za kesho wameshazaliwa na ni wengi. Lakini mtazame Thailand. Katikati ya miaka ya sitini mwanamke wa kule alizaa watoto zaidi ya sita, kama sisi tu. Akatokea Mechai Viravaidya, mtu wa vichekesho na kampeni, akagawa kondomu mpaka jina lake likageuka jina la kondomu. Walifanikiwa mno. Leo uzazi wao uko chini ya 1.5, na mwaka 2021 waliokufa walizidi waliozaliwa. Wamezeeka kabla hawajatajirika. Posho ya uzeeni wanayolipa ni bati 600 hadi 1,000 kwa mwezi kufuatana na umri, na wazee wengi wanaendelea kulima mpunga. Na Thailand ina viwanda vya magari. Sisi tutafika huko na nini?

Naonyeshwa saa. Haraka haraka basi.

Dawa ya "tuzaeni tena" haifanyi kazi. Wairani walishuka kutoka zaidi ya sita hadi chini ya wawili ndani ya miaka ishirini na kitu, serikali yao ikatishika, ikapitisha sheria mwaka 2021 ya kubana huduma za uzazi wa mpango na kutoa zawadi kwa wanaozaa. Wanawake wameitazama tu hiyo sheria. China ilikataza kuzidisha mtoto mmoja, ikaruhusu wawili, ikaruhusu watatu, na idadi ya watu wake imeanza kupungua tangu 2022. Wanasiasa wa hapa wanaotaka kuwaamuru wanawake wazae, kwanza waende wakawageuze mama zao.

Tulicho nacho ni Inua Jamii, posho ya serikali: shilingi 2,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70, na huja zikichelewa. Sizidharau. Nimeona bibi akizipokea akanunua sukari yake mwenyewe bila kumwomba mkwe, na uso wake ulikuwa mwingine. Lakini hazitoshi pampas za mwezi. Zanzibar wameanza kulipa kila mzee wa miaka 70 tangu 2016, kwa shilingi 20,000 za Tanzania, na mwaka 2023 wakapandisha hadi 50,000. Kisiwa! Wapo wa kutuambia haiwezekani, na ukipanda ndege kutoka hapa hujamaliza soda yako umeshafika inapowezekana.

Nilitaka kusema juu ya Mandera, kule kaskazini mashariki, ambako uzazi bado ni 7.7 na mambo ni mengine kabisa, na juu ya wanaume, ambao wanasahauliwa kwa sababu hawaji kwenye mihadhara hii. Havitawezekana leo. Ila bajeti ya kaunti ina vikao vya kusikiliza maoni ya wananchi, na huwa naenda. Watu hujaa kudai barabara na taa. Sijamsikia hata mmoja akidai mhudumu wa kulipwa wa kuwaangalia wazee majumbani. Mwaka huu nitasimama tena kulidai hilo, na nataka wa kunisindikiza. Anayekuja aandike jina lake kwenye karatasi pale mlangoni, na asiniwekee mikono ya dua.

Maswali. Tuanze na mzee wa nyuma.