Uhud walishindwa, na bado Mtume akaambiwa ashauriane nao

Assalaam alaykum maalim wenzangu, nina neno moja tu juu ya kufunza uraia chuoni, yaani madrasa zetu, na sitawaweka sana maana laasiri ndiyo hiyo yaingia.

Nimesomesha chuoni miaka mingi hapa Mombasa na kuna kitu chanikera. Mtoto wetu atakusomea Suratu Shura aya ya 38, wa amruhum shuura baynahum, yaani mambo yao ni kwa kushauriana, kwa tajwidi yake yote, lakini muulize ni lini mtu alimtaka yeye shauri, akukodolea macho tu. Chuoni ukiuliza sana waambiwa una kiburi, na bakora i papo hapo ukutani.

Sira, maisha ya Mtume, twaifunza, ila twapita mbio. Chukueni vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume swalla Llahu alayhi wasallam alipendelea wabaki Madina wajikinge humo humo, vijana ambao hawakuwahi vita vya Badr wakashikilia tutoke, akafuata rai ya wengi akavaa deraya wakatoka, na yaliyotokea mwayajua, mashahidi kama 70, Hamza akiwemo. Hapo sisi tungesema si niliwaambia, kuanzia leo naamua peke yangu! Lakini aya iliyoteremka baada ya vita, Aali Imran 159, yasema wasamehe, waombee maghufira, na ushauriane nao. Baada ya kushindwa, jamani. Sasa darasani nani husimama hapo akamwacha mtoto afikiri?

Wengine mkisikia uraia mwadhani nataka kuleta siasa za barazani chuoni. La. Kijana amemaliza mirathi, thumni na sudusi, moja kwa nane na moja kwa sita, azijua kama jina lake, afika 18 achukua kitambulisho, na hajui kuwa mahakama ya kadhi imo ndani ya Katiba ya 2010, kifungu cha 170, wala kwamba kesi haisikizwi huko mpaka pande zote ziwe Waislamu na zikubali. Hesabu aijua, mlango wa kudai haujui.

Mwaka jana nikasema monita wachague wenyewe. Kila mtoto kokwa moja ya tende, vikombe viwili nyuma ya pazia, kila mgombea na chake. Akashinda binti mdogo, mkali huyo, hata mimi hunisahihisha. Mwalimu mwenzangu akanivuta kando, maalim huyu mdogo, tumbadilishe kimya kimya, na wallahi nilikuwa karibu kukubali. Kumbe watoto washaanza kuhesabu upya, wao 31, kokwa 33. Makelele! Ikabidi turudie, safari hii kila mmoja aonyesha kiganja kabla ya kuingia. Akashinda yule yule, kwa kokwa tatu.