Malkia Aliyefungiwa Karanga

REHEMA: Kabla hujaniuliza, sijanuna.

CHIDI: Da Rehema, umenuna tangu getini.

REHEMA: Jumamosi nilikwenda nyumbani Tanga. Mnaikumbuka ile kauntabuku, mimi na mdogo wangu tukiandika kwa zamu? Jumba la mawe, malkia asiyelala, mabinti wawili wanatorokea chooni...

CHIDI: Chooni, jamani!

REHEMA: Ndiko kusikokuwa na walinzi! Namuuliza mdogo wangu iko wapi, hata hageuki: "Mama alifungia karanga."

CHIDI: Wasikilizaji wa Tanga mliomla malkia, poleni.

REHEMA: Cheka tu. Ndiyo maana leo nawaleta kina Brontë, ndugu waandishi wa Uingereza: Charlotte, kaka yao Branwell, Emily na Anne.

CHIDI: Na masomo matatu kwa vijana wanaoandika riwaya za giza. Uliahidi, ninayo hapa.

REHEMA: Tutayafikia. Mwaka 1826, Haworth, Uingereza, baba anamletea Branwell wanajeshi 12 wa mbao. Charlotte, dada mkubwa, ana miaka 10, Anne 6. Kutokana na vile vibao wanazusha dola nzima, na wanaiandika kwenye vijitabu vya ukubwa wa kiberiti.

CHIDI: Dola yenyewe iko wapi? Waambie.

REHEMA: Nafika huko...

CHIDI: Afrika Magharibi! Miaka 58 kabla ya mkutano wa Berlin, watoto wa mchungaji wameshagawana pwani ya watu sebuleni. Na Quashia, mwana wa mfalme wa Waasante, wanamlea wao, akiwaasi anakuwa ndiye mbaya wa hadithi.

REHEMA: Ndiyo maana nampenda Emily! 1831 Charlotte anapelekwa bweni, huku nyuma Emily na Anne wanajitoa. Wanaunda kisiwa chao, Gondal, Pasifiki ya kaskazini. Malkia, mahandaki ya wafungwa, usaliti, vita. Wadogo wamewaasi wakubwa.

CHIDI: Kuhama mchezo si kuasi.

REHEMA: Wewe kifungua mimba, utajuaje?

CHIDI: Usiniletee uzawa. 1845 Emily anakaribia miaka 27, yuko safarini York na Anne, njia nzima wanaigiza Gondal. Kaandika mwenyewe. Wanajifanya watoro, wanakimbilia wapi? Kwa wafuasi wa mfalme, waliobanwa na wanajamhuri! Waasi gani wanakimbilia ikulu?

REHEMA: Soma na mwanzo wake. Wanatoroka majumba ya kufundishia. Emily alishajaribu ualimu, ukamshinda, akarudi kwao. Kwa msichana wa wakati ule, kutoroka ndiko kuasi.

CHIDI: Mtoro ni mtoro. Quashia alibaki akapigana.

REHEMA: Quashia aliandikwa na Charlotte na Branwell! Hana kalamu yule.

CHIDI: Si ndicho ninachosema?

REHEMA: Sikubali.

CHIDI: Wala mimi.

(kimya)

CHIDI: Haya, hiyo Gondal tutaisoma wapi?

REHEMA: Hadithi zake zimepotea zote, yamebaki mashairi. Mengine yalitoka 1846, kitabu cha dada watatu, majina ya Gondal yamefutwa. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala mbili.

CHIDI: Mbili! Karanga za mama zilitembea kuliko hizo.

REHEMA: Na wengi wanamshuku Charlotte ndiye aliyechoma hizo hadithi.

CHIDI: Au alifungia karanga.

REHEMA: Chidi!

CHIDI: Nakwambia kweli. Emily amefariki Desemba 1848, Anne Mei 1849. Dada mtu amebaki na baba yao, kila droo akifungua anakutana na mwandiko wa mdogo wake. Hata mimi ningechoma.

REHEMA: Ungechoma?

CHIDI: Fundi anaonyesha kidole, dakika moja. Somo la kwanza, vijana...

REHEMA: Ngoja kwanza, achana na masomo. Ungechoma?